Maji Yaliyopima Nchi

Ukiondoka ufukweni Mbamba Bay au Liuli ukapanda kuelekea Mbinga, nchi inainuka upesi. Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Wamatengo, pamoja na Matiri na Litembo, vinapanda juu zaidi, na yapo matuta yanayopita mita 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua uzito, na maji yaliyo jikoni yanautambua upungufu huo hata kama wewe huuhisi. Ufukweni yanachemka yakifika karibu nyuzi 98.4 za Selsiasi. Penye mita 1,300 yanachemka kwenye nyuzi 95.7 hivi, na penye mita 1,500 kwenye nyuzi 95. Katika Mkoa mzima wa Ruvuma, tangu mabonde ya Tunduru hadi milima ya Mbinga, hakuna mahali ambapo maji safi katika sufuria iliyo wazi yatafika nyuzi 100.

Hata hivyo, kila mwanafunzi wa mkoa huu amewahi kuandika kwenye daftari kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 na barafu huyeyuka kwa nyuzi 0. Namba hizo mbili hufundishwa kana kwamba zilizaliwa pamoja na maji yenyewe. Zina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita katika nchi yetu, kati ya Kilimanjaro, Tanganyika, Nyanza na Nyasa.

Mwaka 1742, huko Uppsala, Sweden, mwanafalaki Anders Celsius alipendekeza kipimo chenye hatua mia moja kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Yeye aliziweka kinyume na tulivyozoea: 0 ilikuwa ya maji yachemkayo, na 100 ya barafu. Ziligeuzwa baada ya yeye kufariki mwaka 1744. Jambo ambalo shule nyingi zimelisahau ni kwamba Celsius alitaja sharti. Alijua, kama alivyojua Fahrenheit kabla yake, kwamba maji huchemka mapema au kuchelewa kufuatana na uzito wa hewa unaoonyeshwa na barometa. Kwa hiyo kiwango cha kuchemka kilikuwa halali kwa kanieneo maalumu la hewa tu. Hewa huulemea uso wa maji kama kifuniko kizito, na maji hayachemki mpaka mvuke wake upate nguvu ya kukiinua. Kifuniko kikiwa chepesi, kama ilivyo mlimani, nguvu hiyo hupatikana mapema. Barafu ni tofauti. Ili kushusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa nyuzi moja tu, unahitaji kanieneo lipitalo mara 130 lile la hewa ya ufukweni. Kwa hiyo barafu iliyopo kileleni Kibo huyeyuka kwa nyuzi 0 ileile ya bandarini Tanga, lakini maji ya kileleni huchemka yakiwa kwenye nyuzi 80 au 81 tu.

Ugomvi wa kwanza kuhusu namba hizi katika nchi yetu ulihusu hiyo 0.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za Uchagani. Rebmann alipomuuliza weupe ule ni kitu gani, Bwana Kheri alisema hana hakika, ila anadhani ni baridi. Nadhani hilo lilikuwa jibu la kweli kabisa. Baadaye, alipolala chini ya mlima na kuzungumza na wenyeji, Rebmann aliambiwa habari kamili zaidi: kitu kile kinachong'aa kama fedha, kikiteremshwa ndani ya chombo, kinaonekana kuwa maji matupu. Waliokwenda kukichukua wengine walikufa kwa baridi kali, na wengine walirudi na vidole vilivyoharibika, jambo ambalo watu walilihusisha na majini.

Hebu tuyapime maneno hayo. Watu wa Kilimanjaro walikuwa wamepanda mlima, wamekichukua kitu kigumu, wamekiteremsha kwenye joto, na wameona kimekuwa maji. Hilo ni jaribio la kuyeyuka kwa barafu, lenye mahali lilipoanzia, mahali lilipoishia na matokeo yake. Waliolifanya walilipa kwa vidole vyao, na wengine kwa uhai.

Taarifa ya Rebmann ilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko alikuwapo William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika mengi kuhusu Afrika bila kukanyaga ardhi yake. Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kudumu karibu na ikweta. Alisema Rebmann haoni vizuri, na mwaka 1852, katika kitabu chake *Inner Africa Laid Open*, aliendelea kushikilia msimamo huo. Cooley huyohuyo ndiye aliyeshikilia kwamba bara hili lina ziwa moja refu sana, ambalo ndani yake Nyasa na Tanganyika zilikuwa kitu kimoja. Mwezi Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na theluji, lakini hilo halikumbadili. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi karibu mita 4,300, wakashuhudia theluji ikianguka usiku. Hapo wengi wakaridhika. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, zaidi ya miaka 40 baada ya Bwana Kheri kusema neno lake.

Upande wa kuchemka una mambo mengi zaidi, kwa sababu hapo maji yaligeuka kuwa chombo cha kupimia nchi.

Wapelelezi wa Kizungu walihitaji kujua kila mahali pana kimo gani kutoka usawa wa bahari. Barometa ya zebaki ingefaa, lakini ilikuwa bomba la kioo refu kuliko mkono wa mtu, na mabomba hayo yalivunjika njiani. Ikabaki njia ya pili. Unachukua chombo kidogo cha maji, unakiweka juu ya taa ya spiriti, unasubiri maji yachemke, kisha unasoma kipimajoto kilichowekwa ndani ya mvuke. Mvuke una kazi yake hapo: maji yenye chumvi au tope hupotosha kipimo, lakini mvuke wake hufuata kanieneo la hewa. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopungua ni kama mita 300 za kupanda. Hesabu yake ni rahisi. Hatari yake nayo ni kubwa, kwa kuwa kipimajoto kikikosea nusu nyuzi tu, nchi nzima inainuka au inashuka kwa mita 150 kwenye ramani.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakifuata njia ya misafara kupitia Kazeh, yaani Tabora, hadi Ujiji, walikofika Februari 1858. Vyombo vyao vingi vilikuwa vimeharibika. Burton alikuwa mgonjwa wa miguu, Speke mgonjwa wa macho. Vipimo vyao viliipa Tanganyika kimo cha takriban futi 1,850, yaani mita 560 hivi. Kimo chake halisi ni karibu mita 773. Tofauti hiyo yote, mita zaidi ya 200, ni kosa la chini ya nyuzi moja ya Selsiasi.

Mwezi Julai Speke alielekea kaskazini bila Burton. Aliyekuwa naye katika safari hiyo ni Sidi Mubarak Bombay, na hapa msomaji wa Ruvuma asipite haraka. Bombay alizaliwa Uyaoni, katika nchi ile inayopakana na mto wetu wa Ruvuma. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa hadi India, na baada ya bwana wake kufa akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alizungumza Kihindi na Speke na Kiswahili na msafara. Bila yeye Speke asingeweza hata kuomba kuni. Tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilimani karibu na Mwanza, waliliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Kipimajoto alichokuwa nacho Speke kilikuwa cha kawaida, cha kupimia maji ya kuoga. Akakichemsha. Hesabu yake ikampa takriban futi 3,740. Kimo kinachokubalika leo ni mita 1,134, yaani futi 3,720.

Kipimajoto duni kikatoa jibu la kustaajabisha kwa usahihi wake, na jibu hilo likawa nguzo ya hoja ya Speke kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile: ziwa lililo juu kiasi hicho linaweza kutoa maji ya kuteremka hadi Misri. Tanganyika, kwa kipimo chao wenyewe, ilikuwa chini mno.

Mwezi Machi 1864 Samuel Baker na mkewe Florence wakafika kwenye ziwa walilolipa jina la Albert. Naye Baker alichemsha maji. Akapata futi 2,720, ambazo ni zaidi ya kimo chake halisi kwa kama mita 200. Sasa tazama mkanganyiko ulivyokuwa kwenye ramani: Tanganyika imeandikwa chini kuliko ilivyo, Albert imeandikwa juu kuliko ilivyo, na swali la chanzo cha Nile linategemea ipi kati yao iko juu. Burton hakukubali kushindwa. Alidai kwamba vipimajoto vya safari yao havikuaminika, kwamba Tanganyika iko juu zaidi ya ilivyoandikwa, na kwamba huenda Mto Rusizi unatoka Tanganyika kuelekea kaskazini hadi Albert na kuwa Nile. Katika sehemu ya kwanza ya hoja hiyo alikuwa na haki. Tanganyika kweli ilikuwa juu zaidi, tena ni juu kuliko Albert. Burton na Speke walitakiwa kujadiliana mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Hapo kipimajoto kilifika mwisho wa uwezo wake. Hakuna idadi ya sufuria ambayo ingemaliza ugomvi ule. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi Ujiji wakaenda hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika, wakatazama mdomo wa Rusizi, wakaona maji yanaingia ziwani. Hayatoki. Watu waliokaa pale walijua jambo hilo tangu siku mtoto anapojifunza kuogelea. Burton na Speke wenyewe walikuwa wameambiwa hivyo na wenyeji mwaka 1858. Ilichukua miaka 13 kuthibitisha jibu lililokwisha kutolewa.

Kwetu Nyasa, maji yachemkayo yalikuja kwa sura nyingine. Livingstone alifika kusini mwa ziwa Septemba 1859, na mwishoni mwa mwaka huohuo Albrecht Roscher, Mjerumani, akafika pwani ya mashariki kutoka Kilwa. Aliuawa mwaka uliofuata kabla ya kurudi nyumbani. Livingstone alikuwa na ndoto ya kuweka meli ya mvuke ziwani ili kuzuia majahazi yaliyovusha watumwa kwenda Kilwa. Mwaka 1861 alijaribu kuingia na meli yake, Pioneer, kupitia Mto Ruvuma. Maji ya mto yalikuwa yanapungua kwa kasi, ikabidi warudi kabla hawajafika mbali. Meli ya kwanza ya mvuke kuelea Nyasa ilikuwa Ilala, mwaka 1875, chini ya Edward Young. Ililetwa ikiwa vipande, na vipande hivyo vilibebwa na wapagazi mabegani kuyapita maporomoko ya Mto Shire.

Ndani ya boila la meli kama hiyo, kanuni ileile ya mlimani hufanya kazi kinyume. Mvuke ukifungiwa, kanieneo hupanda, na maji hukataa kuchemka kwa nyuzi 100. Kanieneo likiwa mara 10 ya lile la hewa ya kawaida, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 180. Nguvu iliyojilimbikiza hapo ndiyo inayosukuma chuma. Wajerumani nao walileta meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1893. Mojawapo ya bandari zake ilikuwa Liuli, ambayo wao waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba ulioko pale. Katikati ya Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, boila baridi, wenyewe hawajapata habari kwamba vita imeanza Ulaya. Kapteni Rhoades akaja na meli ya Waingereza, Guendolen, akaipiga mizinga. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuwa pigano la kwanza la majini katika vita ile kuu, nalo lilitokea kwenye ufukwe ambapo leo watu huanika usipa.

Nayaandika haya kwa sababu vitabu vyetu vya fizikia vinazungumza juu ya boila na barometa kana kwamba ni vitu vya nchi nyingine. Liuli ipo. Mwamba upo.

Sehemu inayonigusa kuliko zote ni ya mwaka 1963. Katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanaweka kwenye friji. Nafasi katika friji ilikuwa haba. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akaogopa kukosa nafasi, akayaweka maziwa yake yakiwa moto. Aliporudi, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka baridi yalikuwa bado. Alimuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali. Alipokuwa Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Kisha alikuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja kikiwa nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friji, kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alikubali kwamba hajui, akarudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 majina yao wawili yalitoka pamoja katika jarida la Physics Education. Tangu hapo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Aristotle aliligusia zamani sana, na Bacon na Descartes baadaye, lakini aliyelirudisha mezani ni kijana wa Tanganyika aliyekuwa akigombea nafasi ya friji.

Wataalamu bado wanabishana. Wengine husema maji ya moto hupungua kwa kuvukiza, wengine hutaja mzunguko wa maji ndani ya chombo au gesi zilizoyeyukamo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima tena kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kuaminika, na kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo ya kudanganya. Wengine wanaendelea kulitetea. Hoja bado iko wazi, na hiyo ni heshima kubwa kwa swali la mwanafunzi.

Lipo jambo moja katika swali lake ambalo halizungumzwi sana. Magamba iko juu kwenye Milima ya Usambara. Iringa mjini pako takriban mita 1,600. Mahali pote pawili, maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Mpemba alisema nyuzi 100 kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Maziwa yake mwenyewe hayakuwahi kuifikia namba hiyo. Mwanafunzi mwenye jicho kali kuliko wote, aliyethubutu kupinga kitabu kuhusu kuganda, hakuwa amepewa na shule yake habari ya kuchemka kwa mahali alipokuwa amesimama.

Mbinga ni nchi ya maharage. Katika ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko ambayo Wamatengo wamelimia kwa vizazi vingi, maharage hupandwa kwanza na mahindi hufuata. Maharage hayaivi kwa sababu maji yanatokota. Huiva kwa joto. Kuongeza kuni hakupandishi joto la maji yanayotokota kwenye nyuzi 95, hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Kunayamaliza tu upesi. Ndiyo maana huku juu sufuria hukaa jikoni muda mrefu kuliko kule ufukweni, na ndiyo maana kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kupunguza moto baada ya kuchemka huokoa kuni nyingi. Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha anapata ndani yake joto kama la nyuzi 115 au 120, kwa kanuni ileile iliyoendesha meli za Liuli.

Naomba basi jambo moja kwa walimu wa sayansi wa Matiri, Mbinga, Litembo na kila shule iliyo milimani, tangu Njombe hadi Lushoto. Siku ya somo la kuchemka, washeni jiko, wekeni kipimajoto kwenye mvuke, na kila mwanafunzi asome mwenyewe. Kisha mwonyesheni jinsi ya kukokotoa kutoka namba hiyo kimo cha kijiji chake, mita 300 kwa kila nyuzi iliyopungua, kama alivyofanya Speke mbele ya Bombay pale Mwanza. Na mwanafunzi akiandika kwamba maji yamechemka kwa nyuzi 95, asiambiwe kipimajoto ni kibovu. Amesoma sawasawa. Mpeni alama zake.